Sura ya Nne: Usiposoma, Utalima

Kwa mama yangu jembe lilikuwa na kazi mbili: kulimia, na kututishia. Ukikaa na daftari la hesabu huku macho yako yanafuata mpira nje, hakupandisha sauti. Alinyanyua kidole kuelekea pembe ya jiko, majembe yalikoegemezwa, akasema, "Usiposoma, utalima." Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ametoka kulima muda huo huo, mikono ina udongo, na ugali tuliokuwa tunaungoja ulitoka kwenye jembe lile lile. Hatukuliona hilo. Tuliona kidole.

Shuleni nako jembe lilikuwa na sifa zake. Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, na anayeisoma leo bila haraka ataona hoja yake ina uzito: shule isimtenge mtoto na watu wake, iwe na shamba, na shamba hilo liwe darasa ambamo watoto wanapanga, wanakosea, wanasahihisha. Ilipofika kwetu milimani, miaka kama 20 baadaye, hoja ilikuwa imeliwa njiani, limebaki jembe. Jumatano ulikuja nalo. Ukichelewa namba, unapimiwa ngwe. Ukikamatwa unaongea kilugha, ngwe. Mahindi tuliyoyalima tuliyaona yakipakiwa, basi. Hakuna mwalimu aliyewahi kutuuliza kwa nini yale ya upande wa bondeni yalirefuka na ya upande wa juu yakadumaa, ilhali mbegu ilikuwa moja na mvua moja. Swali lile peke yake lingetutosha muhula mzima.

Ndiyo maana niliposoma kwa mara ya kwanza habari za David na Micki Colfax, nilicheka peke yangu. Mume alikuwa profesa wa sosholojia, mpinzani wa vita vya Vietnam, na msimamo huo ulimponza kazini. Mke alikuwa mwalimu. Mwaka 1973 wakafunga virago na watoto wao wa kiume, wakahamia kwenye kipande cha mlima juu ya mji mdogo wa Boonville, kaskazini mwa California. Ekari 47. Umeme hakuna, simu hakuna, nyumba yenyewe hakuna. Mtu aliyesoma mpaka madarasa yakamwishia anakwenda kulima, na shule watoto hawaendi. Ningemsimulia mama siku zile, angedhani ni watu waliorogwa.

Boonville yenyewe inahitaji maneno mawili matatu. Iko katika bonde la Anderson, wilaya ya Mendocino, saa kadhaa kwa gari kutoka San Francisco kwa barabara ya kona nyingi. Ni mji wa watu kama 1,000. Uchumi wake ulikuwa kondoo, matofaa na magogo. Kila mwaka kuna maonyesho ya kilimo ambamo tofaa lina heshima ya mgeni rasmi. Mwishoni mwa karne ya 19 wenyeji wa bonde lile walijitungia lugha yao ya mafumbo, Boontling, kama watoto wa pwani wanavyosema kinyume ili wakubwa wasiwaelewe, ila hapa na wakubwa wenyewe walikuwa ndani ya mchezo. Kahawa waliiita "horn of zeese", kwa jina la utani la mpishi mmoja aliyekuwa akiikoroga nzito. Simu ilipata jina la Walter, kwa sababu Walter fulani ndiye aliyekuwa nayo kwanza. Lugha nzima imejengwa hivyo: ili uielewe ni lazima uwe umemjua Walter. Katika mji kama huo mgeni anajulikana ni mgeni kabla hajashuka garini.

Kile walichokwenda kukijenga kina jina zuri katika Kiswahili cha mashambani: mji. Sisemi mji wa taa na foleni, nasema mji kama wa mzee anayekwambia "karibu mjini kwangu", akimaanisha nyumba, jiko, zizi, ghala na migomba ya nyuma. Wamarekani neno lao, homestead, limebeba sheria ndani yake. Mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyompa mkuu wa familia ekari 160 za ardhi ya serikali, kwa ada ndogo, kwa sharti kwamba akae pale miaka mitano, ajenge, alime. Katika majimbo mengi ilibaki vitabuni hadi 1976. Familia zaidi ya milioni moja na nusu zilipata ardhi kwa njia hiyo, na Mmarekani wa kawaida hulisimulia jambo hili kama hadithi ya jasho na ushujaa. Jasho lilikuwepo. Lakini ekari zile zilikuwa na wenyewe, mataifa ya wenyeji asilia waliosukumwa kwa mikataba iliyovunjwa na kwa bunduki, na sisi ambao babu zetu waliwahi kuambiwa kwamba shamba lao ni "ardhi tupu" hatuhitaji kuelezwa zaidi. Kila ninaposoma sifa za maisha ya kujitegemea kule Marekani, swali la nani alilala hapo kabla huniwasha kama upupu.

Kufikia wakati wa Colfax ardhi ya bure ilikuwa imebaki simulizi, ila hamu ilikuwa imerudi kwa mlango mwingine. Kulikuwa na mzee aliyekuwa kama shehe wa watu wenye hamu hiyo, Scott Nearing, mchumi aliyefukuzwa uhadhiri mwaka 1915 kwa siasa zake. Mwaka 1932, uchumi wa dunia ukiwa umeanguka, yeye na Helen, aliyekuja kuwa mkewe, waliondoka New York wakaenda Vermont. Wakajenga nyumba za mawe kwa mikono yao, wakalima mboga, wakakinga utomvu wa miti ya maple na kuuchemsha mpaka ukawa sharubati ya kuuza. Siku yao waliigawa: saa nne za kazi ya mkate, saa nne za kazi ya akili, saa nne za watu. Kitabu chao cha 1954 kilikaa kimya miaka mingi, kisha kikachapishwa tena mwaka 1970, na vijana waliochoshwa na vita na maofisi wakakibeba kama msahafu. Maelfu walikwenda mashambani. Wengi wao, na hili husemwa kwa sauti ya chini, walirudi mjini majira ya baridi yalipowaonyesha kazi.

Colfax hawakurudi. Na watoto hawakupelekwa shule.

Hapa ndipo wasomaji wengi wa habari hii hukosea. Hudhani wazazi wale walipanda mlimani wakiwa na nadharia ya elimu mkononi. Kwa maelezo yao wenyewe, kazi ndiyo iliyotangulia. Nyumba ilikuwa lazima isimame kabla ya mvua. Mvulana wa miaka 8 au 9 mahali kama hapo si mtoto wa kubembelezwa kusoma. Ni jozi ya mikono. Anapima mbao, anashika kamba, anahesabu misumari, na jioni anatafuta kitabu kwa sababu asubuhi kuna jambo limemshinda. Sheria ya California iliwaachia uchochoro: mzazi anaweza kuiandikisha nyumba yake kama shule binafsi kwa kujaza fomu ya kiapo, na hakuna anayemdai cheti cha ualimu.

Mbao na kamba zinanikumbusha fundi aliyetujengea jiko la nje, mtu aliyeishia darasa la tano. Kabla ya kuchimba msingi alipigilia mambo, akafunga uzi, akavuta futikamba: futi tatu upande huu, akatia alama, futi nne upande ule, akatia alama, kisha akapima mshazari kati ya alama mbili. Ilisoma futi tano na inchi moja hivi. Akausogeza uzi kidogo kwa kidole cha gumba, akapima tena. Tano. "Kona imekaa," akasema, akawasha sigara. Nilikuwa kidato cha pili. Wiki mbili kabla nilikuwa nimepata alama nzuri kwenye jaribio la Pythagoras, na niliposimama pale nikimtazama sikuunganisha kabisa vitu hivi viwili. Niliunganisha nikiwa chuo kikuu, kwenye basi, bila sababu yoyote, nikaona aibu ambayo hakuna aliyejua inatoka wapi.

Kwa watoto wa Colfax kona ya nyumba na kona ya kitabu zilikuwa jirani tangu mwanzo. Sidai kwamba hilo humfanya mtu awe na akili zaidi ya mwingine. Linampa sababu ya kufungua ukurasa, na mwalimu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya watoto 70 mchana wa jua anajua sababu hiyo inauzwa ghali kiasi gani.

Halafu kulikuwa na mbuzi.

Mkubwa wao, Grant, alifuga mbuzi wa maziwa, na alifuga kwa kina, akichagua beberu wa kumpandisha nani. Msomaji wa mjini anaweza kupita hapo haraka, kwa hiyo tusimame. Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi. Ukimpandisha leo kwa beberu uliyemchagua ili binti awe na maziwa mengi kuliko mama yake, utangoja miezi mitano azaliwe. Akizaliwa jike, utangoja akue mpaka afae kupandishwa, kisha miezi mitano mingine, ndipo umkamue na ujue kama ulikisia vyema. Karibu miaka miwili kwa swali moja. Njiani unatakiwa kuandika: nani mama, nani baba, lita ngapi asubuhi, ngapi jioni, alikula nini, aliugua lini. Usipoandika, miaka yako miwili imekwenda na maji. Mtoto anayeishi na swali la urefu huo atasoma jenetiki bila kusukumwa, na akifika kwenye njegere za Mendel atazisoma kama mtu anayesikia habari za jirani yake.

Bibi yangu hakuwa na daftari, ila somo la mbuzi alinipa usiku mmoja ambao sijausahau. Mbuzi wake mwekundu alikuwa amekaza tangu magharibi na kitoto hakitoki. Nilishika koroboi. Kilichoonekana kilikuwa pua na ukwato mmoja, na bibi akasema zinatakiwa kwato mbili, pua juu yake, kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Akajaribu, mkono wake ukakataa kuingia. Akanigeukia. "Wako mdogo. Nawa na sabuni mpaka kwenye kiwiko." Nilikuwa na miaka 9. Ndani mlikuwa na joto kuliko nilivyotarajia, na mbuzi alipokaza niliona mifupa ya mkono wangu inabanwa kama kwenye mlango. "Akikaza, tulia. Akilegeza, sogea. Umepata mguu? Sasa ukunje. Vifundo viwili vinakunjia upande mmoja, au kila kimoja na kwake?" Upande mmoja, nikasema. "Basi ni wa mbele. Wa nyuma ungepingana. Ufunike ukwato kwa kiganja usije ukamchana mama yake, uulete." Niliuleta. Kitoto kikateleza chote kwa mara moja, kikaanguka kwenye majani makavu na kupiga chafya. Bibi akahakikisha kimenyonya dang'a, ndipo tukalala.

Kesho yake darasani tulikuwa na somo la wanyama wafugwao. Tuliandika kutoka ubaoni: ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku. Mkono wangu ulikuwa bado unauma wakati wa kuandika neno mbuzi. Hakuna aliyeuliza, na mimi nilishajua kwamba mambo ya zizini hayaletwi darasani.

Mwaka 1983 Grant Colfax aliingia Harvard, na magazeti yakapata karamu. Kijana wa mbuzi, hajasoma shule, anakwenda kukaa na watoto wa matajiri wa Boston! Mwaka 1986 akafuata mdogo wake Drew, kisha 1988 Reed. Nyumba moja ya mlimani, watatu Harvard. Wazazi wakaandika kitabu cha jinsi walivyofundisha, kikasomwa mno na familia zilizokuwa zikijaribu jambo hilo kwa kujificha. Maana kujificha kulikuwepo: Marekani ilikuwa imelazimisha shule tangu Massachusetts ilipoanza mwaka 1852, na katika majimbo kadhaa mzazi aliyemweka mtoto nyumbani aliweza kupelekwa mahakamani. Waamishi, dhehebu la Kikristo la mashambani, walishinda kesi yao katika Mahakama ya Juu mwaka 1972, wakaruhusiwa kuwatoa watoto wao baada ya darasa la nane kwa sababu za dini. Mwaka 1977 mwalimu mmoja aliyekata tamaa na shule, John Holt, alianzisha jarida la wazazi wa aina hii. Kufikia 1993 jambo lenyewe lilikuwa halali katika majimbo yote 50.

Watatu Harvard ni habari tamu, na utamu wake umewadanganya wengi. Watu waliisoma kama dawa: nunua mbuzi, toa mtoto shule, subiri barua. Walisahau kwamba mlimani kulikuwa na profesa na mwalimu. Wale walikimbia ofisi, hawakuacha kichwani mwao walichokuwa nacho. Mtoto wa Colfax akikwama kwenye insha, mkononi mwa nani insha hiyo ilifika? Mjukuu wa bibi yangu alikuwa na zizi lile lile na bibi hodari kuliko madaktari wengi wa mifugo niliowahi kukutana nao, ila hakukuwa na rafu ya vitabu wala mtu wa kumwambia kwamba alichokifanya usiku kina jina na kurasa. Zizi peke yake halikutosha, kama darasa peke yake lisivyotosha. Kitabu cha pili cha familia ile, cha 1992, kina maneno "nyakati ngumu" kwenye jina lake, na "peponi" inakuja baadaye. Wenyewe walijua mpangilio.

Najua familia mbili tatu za kwetu zilizochukua njia ya namna hii katika miji midogo, mmoja wa wazazi akiacha kazi ya mshahara Dar es Salaam, mwingine akifanya yake kwa kompyuta. Wanafuga kuku, wana bustani ya matuta, wana tangi la maji ya mvua. Jirani hawawaelewi. Kwa jirani, mtu kurudi shambani kwa hiari ni ama amefilisika ama anatafutwa. Na suala la shule ni gumu zaidi, kwa sababu sheria zetu zimeandikwa na watu waliotaka kumtoa mtoto machungani. Kenya, kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, mzazi asiyempeleka mtoto shule anavunja sheria, na siwezi kuilaumu. Iliandikwa kwa ajili ya binti anayeozwa akiwa darasa la sita, haikuandikwa kwa ajili ya mhandisi mwenye matuta ya mchicha. Shida ni kwamba afisa akibisha hodi, mlango ni ule ule.

Mama mmoja katika familia hizo aliniambia jambo ambalo halimo katika vitabu vya Wamarekani. Kilichomchosha si kufundisha, ni kukosa pa kumpeleka mtoto akakosee mbele ya wenzake. Mumewe alikuwa akisifiwa na wageni kwa matangi na mitambo ya jua. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu, mpishi, mkamuaji na kengele ya shule, na hakuna mgeni aliyeuliza anapumzika saa ngapi. Nikienda kwa watu hawa siku hizi, tangi naliona nikiwa bado getini. Swali langu la kwanza humwendea mama.

Grant alisomea udaktari. Kuanzia 2012 hadi 2014 aliongoza ofisi ya Ikulu ya Marekani ya sera za UKIMWI chini ya Rais Barack Obama, na mwaka 2019 akawa mkurugenzi wa afya wa San Francisco. Machi 2020, korona ilipoingia, jiji hilo lilikuwa miongoni mwa ya kwanza nchini humo kuamuru watu wakae majumbani. Shule zikafungwa. Maelfu ya wazazi waliokuwa hawajawahi kuwazia jambo kama hilo wakajikuta na watoto mezani na kompyuta mbele yao, wakiulizana kwa simu kugawanya desimali kunafanywaje siku hizi, huku mkubwa wa afya wa jiji lao akiwa mtu aliyesomea nyumbani.

Nilimsimulia mama habari hii yote mwaka jana, tukiwa tumekaa jikoni kwake tunachambua maharage. Siku hizi ana miaka zaidi ya 80 na jembe bado lipo pale pembeni, mpini mpya. Alisikiliza bila kukatiza, Boonville, ekari 47, Harvard, Ikulu. Nilidhani atanirudishia maneno yake ya zamani, au atanicheka. Akatupa jiwe dogo alilolikuta kwenye maharage.

"Sasa baba, huyo kijana alipoondoka, mbuzi wake aliwakamua nani?"

"Mdogo wake alikuwepo."

"Na huyo mdogo alipoondoka?"